Hodi za Maswa na Milango ya Kimali

Tangu nirudi kutoka Simiyu mmeniuliza swali lilelile kila Jumamosi, na kila Jumamosi nimewapa jibu lilelile: safari ilikuwa nzuri, joto tu. Mama Rukia alinitazama juu ya kikombe chake akasema, "Huyu anatuficha." Kweli nilikuwa nawaficha, ila si kwa ubaya. Sikujua nianzie wapi. Wiki hii limetokea jambo ambalo litawafanya mseme nimechanganyikiwa, kwa hiyo naandika yote mapema. Msomeane kwa zamu. Sehemu za chakula apewe Mama Rukia.

Kazi yangu mnaijua kwa mbali. Mradi ukishajaribiwa mahali, mimi hutumwa kuangalia kama uliwasaidia watu au ulisaidia ripoti tu. Safari hii swali lilikuwa jingine. Mradi wa Maswa ulikuwa umeshapimwa na kuonekana umefaulu. Katika kila kijiji walimchagua mwanamke mmoja anayeaminika, awatembelee kila wiki wanawake wenye watoto wachanga na kuwafundisha, kwa kadi za picha, wale nini na watoto wale nini. Wanakijiji wakawaita wanawake hao "mama hodi". Watoto waliongezeka uzito, na mama zao pia. Sasa mfadhili alitaka kujua: mradi huohuo ukipelekwa Kimali, kule wilaya ya Meatu, utazaa matunda yaleyale? Mimi nikaone, nirudi na jibu.

Nilidhani ni kazi ya siku chache na jibu la sentensi mbili.

Dodoma hadi Mwigumbi

Basi liliharibika tulipoipita Singida. Dereva alituambia ni kitu kidogo, na mimi kwa umri wangu nikaamini. Tulishuka wote, na jua likatupokea. Muda si mrefu watu walikuwa wamejigawa: wa familia moja chini ya kivuli cha basi, vijana wa chuo upande wa pili, wafanyabiashara wa mafuta ya alizeti karibu na madumu yao. Mimi nilibaki katikati na pakiti ya biskuti. Nilikula biskuti moja, nikaona kila mtu anagawana chochote alichonacho, nikairudisha pakiti mkobani kwa aibu.

Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Mwanza alinisogelea. Hakuniuliza nakwenda wapi. Aliniuliza, "Unakwenda kwa nani?"

"Nakwenda kikazi. Maswa, halafu Bariadi na Meatu."

"Nimesikia. Lakini kwa nani?"

"Sina mtu huko. Nitakaa gesti."

Alinitazama kama nimemwambia nina ugonjwa. "Pole, mama," akasema, na akanipa yai la kuchemsha. Nililila, lakini ile pole iliniudhi njia nzima. Nimezunguka mikoa mingi peke yangu, tangu Baba Salma akiwa hai. Sikuwahi kuona kuwa ni jambo la kupewa pole.

Kitu kidogo cha dereva kilikula mchana wetu wote. Tulipofika njia panda ya Mwigumbi, pale ambapo wa Maswa na Bariadi huachana na wa Mwanza, gari nililolitegemea lilikuwa limeshaondoka. Nilingoja juu ya begi langu. Kila aliyeshuka alikuwa na mtu wa kumpokea, mtu wa kumbebea mzigo, mtu wa kumwambia amekonda.

Maswa

Mwenyeji wangu wa kazi alikuwa Mama Holo, mama hodi wa kijiji kimoja cha karibu na mji. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anayetembea haraka kuliko mimi. Nilimwambia afanye kazi yake kama kawaida, mimi nitamfuata nyuma nikiangalia.

Nyumba ya kwanza alipiga hodi, tukakaribishwa, na kabla sijakaa vizuri nikasikia sufuria. Yule mama mwenye mtoto alikuwa ameshawasha moto. Salamu zilikuwa ndefu. "Mwangaluka," "Mwangaluka mayu," mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na mimi nikiitikia kama kasuku, wao wakicheka. Kisha ukaja ugali, mlenda wenye karanga, na dagaa. Tulikuwa tumekunywa chai kwa Mama Holo muda mfupi uliopita. Nikasema kwa adabu zetu za ofisini, "Asante sana, nimeshiba, ninyi kuleni."

Mwenye nyumba akaweka chini maji ya kunawa. Mama Holo akaninong'oneza, "Mayu, kula. Ukikataa, unamnyima na yeye."

Nikanawa. Ni pale tu nilipomega ndipo mwenye nyumba naye alipokaa na kumega. Alikula kweli, huku mtoto ananyonya, huku anamsimulia Mama Holo habari za shangazi yake. Kadi za picha zilibaki ndani ya kikapu. Nyumba ya pili vilevile, ila kulikuwa na wali. Ya tatu viazi vitamu. Kufikia ile ya nne nilikuwa nimelegeza kamba ya sketi, na kadi zilikuwa zimetolewa mara moja tu, mtoto mkubwa wa nyumba alipotaka kuzichezea.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza Mama Holo kama kila wiki ni hivi.

"Sasa mgeni aondoke hivihivi?" akasema. "Halafu mzazi akiwa peke yake hapiki. Mwanaume yuko kwenye kiwanda cha pamba au sokoni, watoto wakubwa wako shule. Atampikia nani? Anakunywa uji wa jana, basi. Mimi nikipiga hodi, moto unawaka."

Nilicheka naye, lakini maneno yalinichoma. Ninyi mnajua ninavyokula. Kwangu jiko lina vumbi. Nakula mkate nimesimama karibu na friji, na sahani za harusi zimo kabatini tangu msiba. Sikumwambia hayo. Niliandika tu kwamba kadi hazitumiki sana, kama dosari ya kurekebishwa.

Siku ya kuondoka alinipa mfuko wa michembe. Kwa asiyejua, ni viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa vikakauka kama vipande vya mti, na huwezi kuvila mpaka uvichemshe. "Huko Meatu mwaka huu kugumu," alisema. "Usiende mikono mitupu."

Bariadi, kwa kupita tu

Bariadi nilikuwa na kikao kifupi na mkuu wa mradi, Bwana Kessy, mtu wa Moshi, mpole, asiyependa kupoteza muda wa mtu. Alinieleza kwamba fedha za awamu ya pili zipo, na wilaya zinazozitaka ni zaidi ya moja. Kimali ikifaa, zinakwenda Kimali. Isipofaa, zinakwenda kwingine.

"Mimi sihitaji kurasa nyingi, mama. Nahitaji ndiyo au hapana."

Nilikula chipsi mayai kwenye meza ya watu wanne, na mhudumu akavichukua viti vitatu akavipeleka kwa wenye watu.

Njiani kuelekea Kimali

Dereva wa bodaboda aliitwa Masanja, mtu mzima mwenye watoto wake, aliyeniambia kwamba njia ni nzuri isipokuwa mto. Mto tuliukuta umejaa. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, pale tulipokuwa hapakuwa na hata tone, na mahindi pande zote mbili za njia yalikuwa yamejikunja majani. Maji ya kahawia yalikuwa yanapita na matawi.

"Tunasubiri yapungue," akasema Masanja, akalaza koti lake akalala.

Walikuwepo wengine wanaosubiri: wanawake wawili waliotoka mnadani, na mzee mwenye baiskeli. Walizungumza Kisukuma na kucheka sana. Kila walipocheka nilitabasamu, nikidhani pengine wananicheka, na pengine hawakuwa hata wamenikumbuka. Sijui kama mmewahi kukaa mahali ambapo lugha inakupita juu ya kichwa kutwa nzima. Unaanza kujisikia mzigo uliosahauliwa. Maji yalipopungua Masanja alisukuma pikipiki, nami nikavuka kwa miguu, viatu mkononi na michembe kichwani. Wale wanawake walinishika mikono pande zote mbili bila kuniuliza. Tulipofika ng'ambo wakaniachia, wakaendelea na mazungumzo yao.

Kimali

Nililala kwa muuguzi wa zahanati, Atupele, binti wa Mbeya. Alikuwa na furaha ya kupata mtu wa kuzungumza naye hata akasahau kuzima jiko. Aliniambia wanawake wa pale ni wazuri lakini siku hizi wamebadilika. Kliniki wanakuja, ila ukiwafuata nyumbani huwakuti. "Nadhani wamechoshwa na watu wa miradi," akasema.

Asubuhi tulitembea wote. Nyumba za huko ziko mbalimbali, kila mji, yaani boma la familia moja, umezungushiwa ua wake wa minyaa. Ya kwanza tulipiga hodi mpaka sauti ikakauka. Ya pili niliona kitambaa cha kanga kikiingia kwenye mtama nyuma ya nyumba. Ya tatu, ndani ya nyumba iliyofungwa, mtoto mchanga alilia mara moja, kisha akanyamaza ghafla.

"Wamo," nikasema.

"Wamo," akajibu Atupele. "Hawatutaki."

Niliumia, nawaambia ukweli. Nimewahi kufukuzwa na mbwa, nimewahi kutukanwa na mwenyekiti wa kijiji, sikujali. Lakini mtu kumnyamazisha mtoto wake ili mimi niondoke! Nilirudi zahanati nikakaa kwenye benchi, nikaanza kuandika jibu la Bwana Kessy: wanawake wa Kimali hawana mwamko. Sentensi hiyo mmewahi kuisoma kwenye ripoti za watu. Inaandikwa haraka sana.

Siku iliyofuata Atupele alikwenda kuchanja watoto kijiji cha mbali, nami nikatoka peke yangu, bila matumaini, kwa kuwa ndicho nilicholipiwa. Mchana ulinikuta karibu na ule ua wa tatu. Sikuwa nimekula. Mkobani nilikuwa na michembe ya Mama Holo na sina pa kuichemshia. Sikupiga hodi. Nilisimama nje ya minyaa nikaita kwa salamu yao ya mchana, "Mwadila, mayu! Mimi mpita njia. Nina michembe, sina chungu. Naomba moto tu."

Mlango ukalia.

Alikuwa binti mdogo, pengine umri wa Salma wangu, mtoto mgongoni. "Mwadila," akaitikia, akitazama mfuko. "Michembe ya wapi?"

"Maswa. Nimepewa."

"Basi ingia. Moto upo wa kuwasha."

Jina lake Kabula. Alichemsha ile michembe akaiponda kidogo, akakuta mabaki ya karanga chini ya kinu, akayachanganya humo. Alinipa sahani yenye mingi na yeye akajipakulia kidogo. Nikazichanganya sahani zote mbili kuwa moja, akacheka. Alianza kula polepole kwa heshima, halafu heshima ikamshinda, akala kama mtu mwenye njaa.

"Wewe ndiye wa jana?" akauliza.

"Ndiye mimi. Nilimsikia mtoto."

"Nilimpa ziwa anyamaze."

"Ulikuwa unaniogopa?"

"Nikuogope wewe?" Akacheka tena, kisha akaacha. "Mgeni ametoka mbali. Anakaa pale, anasalimia. Jiko analiona. Nikupe nini? Maji?"

"Hata maji ningekunywa."

"Wewe ungekunywa. Mimi je? Mahindi yaliisha. Mume wangu amekwenda na ng'ombe kutafuta majani, hata maziwa hakuna. Mama mkwe akisikia mgeni wa zahanati ameondoka kwangu hivihivi, atasema nimemwaibisha. Bora nisiwepo."

"Na wenzako?"

"Hivyohivyo. Tukiona mgeni tunapigiana simu."

Nilibaki na kipande mkononi. Maswa nzima ilinirudia kichwani: sufuria iliyolia kabla sijakaa, Mama Holo akininong'oneza nile, kadi zilizolala kikapuni. Hazikuwa kadi zilizowanenepesha wale akina mama. Ilikuwa ni hodi. Mgeni akija lazima apikiwe, na akipikiwa mzazi anakula naye. Maswa, karibu na soko na kiwanda, kulikuwa na cha kupika. Hapa hodi ileile, kwa heshima ileile ya mgeni, ilikuwa inamfungia Kabula ndani na kumziba mtoto mdomo. Tungemletea mama hodi kila wiki, angejificha kila wiki.

"Tangu mume aondoke sijakaa na mtu nikala," Kabula alikuwa anasema. "Nikiwa peke yangu nakunywa uji nalala."

"Hata mimi," nikasema. Lilitoka lenyewe.

"Na wewe huna chakula?"

"Ninacho. Sina wa kula naye."

Alinitazama kwa huruma. Msichana yule asiye na hata debe la mahindi alinionea huruma mimi, kisha akanisogezea sahani.

Jioni nilimweleza Atupele, naye akashika kichwa. Siku mbili zilizofuata tulinunua unga na maharage dukani, tukapita miji mingine tukiomba moto na chungu badala ya kupiga hodi ya ugeni. Milango ilifunguka. Atupele alikula nyumba zote na akarudi anaimba.

Nilipomuaga Kabula aliuliza, "Wale mama hodi wa Maswa, na huku watakuja?"

"Nitawaambia wakubwa."

"Waambie waje wakati wa mavuno. Au waje na michembe." Akaandika namba yangu kwenye simu yake ndogo.

Bariadi tena

Nilimweleza Bwana Kessy kila kitu, nikiwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyegundua jambo. Nikamwambia mama hodi wa Kimali waende na unga, wapike na mzazi, wale pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ni wazo zuri," akasema. "Lakini huo ni mradi mwingine, mama. Mfadhili analipia kilichopimwa. Huo wa unga umeupima wapi?"

"Kwa Kabula. Na miji mingine."

"Nyumba chache, siku chache, na mgeni wa Dodoma ambaye kila mtu anataka kumwona. Ukiletewa ripoti ya namna hiyo, utaipitisha?"

Ubaya ni kwamba alikuwa sahihi. Hayo ndiyo ninayowaambia wengine kila siku.

"Kwa hiyo kama ulivyo," akasema, "ndiyo au hapana?"

Hapo ndipo penye uzito ambao sikuweza kuwaeleza kati ya chai na vitumbua. Nikisema ndiyo, fedha zinakwenda Kimali, na angalau kitu kinafika: gari, vikao, mtu wa kumkumbuka Atupele. Lakini kila wiki Kabula atasikia hodi na kumziba mtoto. Nikisema hapana, hapati chochote, na nimekula kwake. Niliomba maji nikanywa yote. Nilitamani sana mtu wa kumuuliza. Baba Salma angeniambia, hata kama angekosea.

"Hapana," nikasema. "Kama ulivyo, hautashika Kimali."

"Asante kwa ukweli," akasema Bwana Kessy, na ilionekana anamaanisha. Akanishika mkono. Fedha zikapangiwa wilaya nyingine. Lile la unga aliahidi kuliandika kama pendekezo la baadaye, nanyi mnajua mapendekezo ya baadaye hukaa wapi.

Nyumbani

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Nilikaa dirishani. Nilipofungua mlango wangu harufu ya nyumba iliyofungwa ilinipokea, nikakata mkate nikala nimesimama. Ndiyo sababu mlinikuta mkimya. Nilikuwa nimesema kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa umemwacha mtu na njaa.

Juzi simu iliita, namba nisiyoijua.

"Mayu, mwadila. Ni Kabula wa Kimali. Mahindi yapo. Si mengi, lakini yapo. Mume amerudi na ng'ombe, maziwa yanaganda. Wale mama hodi watakuja lini?"

Ningeweza kumwambia bado wanapanga. Nikamwambia, "Hawaji, Kabula. Mimi ndiye niliyewaambia wasije hivyo walivyo." Nikamweleza sababu, kwa maneno yaleyale ninayowaeleza ninyi.

Nilimsikia mtoto, siku hizi anajaribu maneno.

"Basi njoo wewe," akasema.

Nimeomba likizo. Bwana Kessy hajui, na hakuna wa kumpelekea ripoti. Jumamosi ijayo msiniwekee kiti. Nitabeba unga na karanga, na sahani mbili za harusi nimezitoa kabatini, nimezifunga kwenye kanga zisivunjike. Na basi likiharibika tena huko Singida, mtu akaniuliza nakwenda kwa nani, safari hii nina jina la kumtajia.